Vita vya koo vilianza kuzimwa sokoni: uchambuzi wa kisa cha Wajir, 1992 hadi 1995

Kila mara mtu akiuliza kama binadamu wakishashikana mashati wanaweza kuachana bila nguvu kutumika, jibu huwa ni maneno matamu tu ya upendo ama ni kukata tamaa kabisa, ati hiyo ndo asili yetu. Mimi naona swali lijibiwe kwa kuangalia mahali pamoja ambapo njia zote mbili zilijaribiwa, ya nguvu na ya bila nguvu, watu wakiwa walewale na ugomvi ukiwa uleule, na hazijapita miaka kumi kati ya moja na nyingine. Mahali hapo ni Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya.

Kuhusu majina

Majina ya koo nimeyaacha kusudi. Anayejua historia ya huko atazitambua mwenyewe, na asiyejua hapotezi kitu, manake ukishaandika ukoo fulani ulianza basi wasomaji nusu wataacha kusoma na kuanza kutetea. Waliouawa, waliofiwa na walioshika bunduki hawatajwi, wala mbunge yeyote. Kwa watu wa Wajir nitamtaja mmoja tu, Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wa wanawake walioanzisha kazi ya amani huko, sababu kazi yake inajulikana wazi na mwaka 2007 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood kwa ajili yake.

Mazingira

Wajir ni eneo kubwa na kavu, linapakana na Somalia na pia Ethiopia, na watu wengi wanaishi kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Mfugaji wa huko hakai na mpaka kichwani kama mkulima. Mvua ikinyesha upande ule anahamia upande ule, kesho jirani yake atahamia kwake, na mambo ya kisima na malisho yanapatanishwa na wazee kwa makubaliano ya siku nyingi. Kwa hivo ugomvi ulikuwepo tangu zamani na namna za kuumaliza pia zilikuwepo, hili watu hulisahau.

Serikali nayo ilikuwa inaiangalia sehemu hii kama mahali pa hatari tu. Kuanzia vita vya shifta vya miaka ya 60, vya waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, mpaka 1991, kaskazini mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari, yaani mtu aliyezaliwa baada ya uhuru angeweza kukua, kuoa na kupata watoto wala hajawahi kuishi chini ya sheria za kawaida kama Mkenya wa Nakuru ama Kisumu.

Halafu kuna Februari 1984. Wakati huo pia koo zilikuwa zimegombana, watu wameuawa, bunduki ziko mikononi, na serikali ikaamua kumaliza jambo kwa operesheni. Wanaume wa ukoo mmoja walikusanywa kutoka majumbani wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakafungiwa pale juani siku kadhaa, wengi wakauawa. Serikali kwanza ilisema waliokufa ni 57, walionusurika wanasema ni mamia mengi na wengine wanataja maelfu. Lengo lililotajwa lilikuwa kukusanya silaha na kukomesha mapigano. Hiyo ndo njia ya nguvu, ilijaribiwa kikamilifu na dola yenye jeshi, na miaka minane baadaye koo zilikuwa zinauana tena, mara hii na bunduki nyingi kuliko mwanzo. Ukisoma kisa hiki usiiruke sehemu hii, manake wale wanaosema kelele za amani ni za watu laini na kwamba kinachofanya kazi ni mkono wa chuma, mkono wa chuma ulikuwa umeshapita hapo.

Vile moto uliwaka

Mambo manne yaligongana kwa muda mfupi. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, wakimbizi wakavuka mpaka na silaha zikavuka pia, bunduki ikawa kitu cha kununulika. Ukame wa 1991 na 1992 uliua mifugo vibaya sana, familia zikabaki bila kitu, na kijana asiye na mnyama wa kuchunga lakini ana bunduki ni kijana wa kumwangalia kwa makini. Sheria za hali ya hatari zikaondolewa, jambo zuri, lakini hakukuwa na kitu kilichojengwa cha kushika nafasi yake. Na mwisho, Desemba 1992 uchaguzi wa vyama vingi.

Huo uchaguzi niuseme kidogo. Kiti cha bunge kwa mfugaji kilikuwa na maana ya nani atachimbiwa kisima cha mashine, nani atapewa lokesheni mpya, yaani eneo dogo la utawala lenye chifu wake, na chakula cha msaada kitashukia wapi. Ukoo mmoja ukiona kiti ambacho unaamini ni chake kwa asili kimeenda kwa ukoo uliohamia kutafuta malisho, basi yule jirani wa kisimani jana leo amekuwa mvamizi. Ule utaratibu wa zamani wa leo kwangu kesho kwako ukafa, kila mtu akaanza kuchora mpaka.

Mauaji yakaanza, yakalipizwa, yakalipizwa tena. Magari ya serikali na ya mashirika yakatekwa, walimu na wafanyakazi kutoka sehemu zingine za Kenya wakaondoka, shule zikafungwa. Idadi inayotajwa sana ni zaidi ya watu 1,200 waliokufa katika kile kipindi.

Hatua ya kwanza: soko

Vita viliingia mpaka sokoni Wajir mjini, na soko ni la kina mama. Maziwa, mboga, vitu vidogo vidogo vya nyumbani, wanaouza na wanaonunua wengi ni wanawake. Katikati ya 1993 ilifika mahali mwanamke wa ukoo fulani anazuiliwa kuuza, ama anafika na chombo chake cha maziwa na mnunuzi anauliza kwanza wewe ni wa nani, akisikia jina la ukoo anaenda meza nyingine. Kupigana kukatokea hapo hapo, wanawake kwa wanawake.

Dekha alizaliwa 1964, kwa hivo hata miaka 30 alikuwa hajafika. Alikuwa akisimulia usiku mmoja risasi zinalia mjini, yeye na mtoto wake wamejificha chini ya kitanda, na kulipokucha mama yake akamwambia kwamba hata yeye alijificha hivo hivo na Dekha akiwa mtoto mchanga, miaka ile ya 60. Kizazi baada ya kizazi chini ya kitanda kilekile. Mazungumzo ya kwanza ya kufanya kitu yanasemekana yalitokea harusini, wanawake wachache wenye elimu na kazi, wa koo tofauti, wamekaa pamoja wakati nje koo zao hazisalimiani.

Uamuzi wao wa kwanza ni huu: hawakwenda kwa wenye bunduki. Walienda sokoni. Waliitisha mkutano wa kina mama wa koo zote, wakazungumza wazi kinachoendelea, wakakubaliana kwamba soko ni la kila mtu, kuuza na kununua, bila kujali ukoo. Alafu wakafanya kitu ambacho mimi naona ndo ufundi wenyewe, waliweka kamati ya wanawake ya kuangalia kama makubaliano yanafuatwa. Ukizuiliwa, una mahali pa kupeleka malalamiko, na wanaokusikiliza ni wanawake wa koo zote, ukoo wako ukiwemo na wa aliyekuzuia ukiwemo.

Fikiria mama anafika asubuhi na maziwa. Jana aliitwa adui na akarudi nyumbani na maziwa yameharibika, akaongea na mumewe na wanawe, na hasira ikapanda. Leo anazuiliwa tena lakini badala ya kurudi nyumbani na habari ya matusi anaenda kwa kamati, inamwita yule mwingine, linaisha kabla ya adhuhuri na maziwa yanauzwa. Jioni nyumbani hakuna habari ya kupeleka kwa vijana. Hapo mnyororo wa kulipiza kisasi umekatwa mahali ambapo bado ni mwembamba, haujafika bunduki.

Hatua ya pili: wazee, na nani aongee kwanza

Soko likatulia lakini huko malishoni watu bado wanakufa. Hawa wanawake walijua kitu ambacho mtu wa nje angekikosea, kwamba katika mila ya Wasomali mapatano ya damu ni kazi ya wazee wa kiume, na mwanamke akisimama mbele akasema mimi ndo nitapatanisha, mkutano unaweza kuvunjika kwa hilo peke yake hata kabla jambo halijazungumzwa. Wangeweza kupigania nafasi yao kwanza. Waliamua kuokoa maisha kwanza. Kuna watu wanaokosoa uamuzi huo, na hoja yao nitairudia huko chini manake ina uzito, lakini kwa wiki ile na miili ile mimi naona walichagua sawa.

Wakaenda kwa wazee. Hapa kuna uamuzi mwingine wa maana sana, mazungumzo hayakufunguliwa na mzee wa koo kubwa zilizokuwa zinapigana. Waliomba mzee wa ukoo mdogo, ambao haukuwa upande wowote, ndo awe mbele. Mzee wa ukoo mkubwa akisema acheni vita, upande wa pili unasikia mmeshindwa. Mzee wa ukoo mdogo akisema, hakuna anayeshinda wala kushindwa, na pia kuna aibu fulani ya kusemeshwa na asiye na jeshi kwamba nyinyi wakubwa mnajimaliza wenyewe kwa wenyewe. Wazee walikasirika mwanzoni, walirushiana lawama, lakini hawakuondoka.

Kwa upande wa serikali waliwaendea wakuu wa wilaya mapema, kueleza kinachofanyika na kuomba baraka, si kuomba serikali iongoze. Baada ya Wagalla, mkutano wa amani ulioitishwa na serikali ungejazwa na watu walioamriwa kuja. Lakini mkutano ambao serikali haijui unaweza kuvunjwa na polisi. Njia ilikuwa katikati hapo, nyembamba.

Al Fatah na kilichofuata

Septemba 1993 wazee wakatoa kile kilichoitwa Azimio la Al Fatah, kanuni za kurudi kwenye amani na za namna koo zitakavyoishi baadaye. Msingi wake ni ule wa dia, yaani fidia ya damu: aliyeua, ukoo wake ulipe, na aliyeiba mifugo irudishwe. Baada ya hapo kazi ngumu ikaanza, manake karatasi haijui kutembea. Wajumbe, wazee pamoja na kina mama na vijana, walizunguka wilayani kukutana na watu huko huko waliko. Kundi la vijana wa amani likaundwa, wafanyabiashara wakachanga pesa sababu biashara yao ilikuwa imekufa pamoja na watu, viongozi wa dini wakaingia.

Na wakaunda timu ya kukimbilia tukio. Ikisikika mtu ameuawa mahali, timu ya wazee, kina mama, watu wa dini na maafisa wa usalama inaingia garini na kwenda saa hiyo hiyo, kukutana na waliofiwa na pia na ukoo wa anayeshukiwa. Lengo ni kufika kabla ya kisasi.

Mwaka 1995 makundi haya yote yakaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na ikaingizwa ndani ya mfumo wa kamati ya maendeleo ya wilaya. Kwa maneno mengine, amani ikawa ajenda ya ofisini kama barabara na maji. Walianzisha pia sherehe za amani za kila mwaka ambapo chifu na askari waliofanya vizuri zaidi kutunza amani wanapewa zawadi mbele ya watu. Mtu aliyekuwa anapandishwa cheo kwa kukamata watu, sasa anapigiwa makofi kwa sababu hakuna aliyekufa kwenye lokesheni yake.

Matokeo

Vita vikubwa vya koo ndani ya wilaya vilishuka sana baada ya 1994. Sisemi viliisha, vilishuka, mauaji ya mtu mmoja hayakuwa tena yanazaa ya watu thelathini. Soko likafanya kazi, shule zikafunguliwa, magari yakapita.

Mfano ukasambaa. Wilaya zingine za kaskazini zikaunda kamati zao, 2001 serikali ikaunda chombo cha kitaifa cha kuratibu kazi ya amani, na baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, makubaliano ya kitaifa ya 2008 yalisukuma kamati za amani ziundwe wilaya zote nchini. Dekha mwenyewe mwanzoni mwa 2008 alikuwa Nairobi na kina Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na wengine wakiendesha kundi la wananchi la kutafuta amani wakati Bonde la Ufa linaungua. Alifariki Julai 2011 kwa sababu ya ajali ya barabarani.

Kilichofanya kazi na kwa nini

Cha kwanza ni kuelewa kisasi kinatoka wapi. Tunapenda kusema ni hasira, damu moto, sijui ukali wa watu wa jangwani. Ukiangalia kwa karibu kisasi kina hesabu ndani yake. Ndugu yako ameuawa, polisi hawapo ama wapo na hawaaminiki, mahakama iko mamia ya kilomita. Usipojibu, kesho watachukua ngamia wako sababu wameona hamjibu. Kwa hivo unaua, hata kama moyoni huna hamu. Na upande wa pili nao wanajua utaua, kwa hivo wanajiandaa, pengine wanakuwahi. Hapo hata watu wapole wote wanaweza kuingia vitani bila mmoja wao kutaka.

Dia inajibu hesabu hiyo moja kwa moja. Inamwambia mfiwa hujapuuzwa, damu ya ndugu yako ina bei na bei hiyo italipwa hadharani, hakuna atakayesema ukoo wako ni dhaifu. Na kwa sababu ukoo mzima ndo unaolipa, kila mzee anayechangia ngamia wake ana sababu ya kumshika kijana mwenye bunduki kabla hajafanya upuzi mwingine. Mashirika mengi yanakuja na semina za kubadilisha mioyo, sikatai semina, lakini Wajir mioyo ilibadilika baada ya hesabu kubadilika.

La pili ni kasi. Saa chache baada ya mauaji ndo wakati kila kitu kinaamuliwa, nani anasema nini kwa waliofiwa, uvumi upi unafika kwanza. Timu ikifika wiki ijayo na hotuba nzuri imefika kuzika. Hapa ndo naona kamati nyingi za leo zimepotea, zinakutana kila robo mwaka kwa ajenda na kumbukumbu za kikao. Gari lenye mafuta na simu inayopokelewa usiku vina kazi kubwa kuliko warsha.

La tatu ni kuanza mahali ambapo kushindwa hakuui. Wanawake wale wangeanza na mkutano wa kusitisha vita na ukavunjika, wangekufa watu na wao wenyewe wasingesikilizwa tena. Soko lilikuwa dogo kiasi cha kuweza kurekebishwa, na lilikuwa linaonekana na kila mtu kila siku. Baada ya soko kutulia walikuwa na kitu cha kuwaonyesha wazee, kwamba watu wa koo zote wameshakubaliana jambo na limeshika.

Sasa kuna hoja ambayo lazima ijibiwe, ati hii haikuwa njia isiyo ya nguvu kwa sababu polisi walikuwa ndani ya timu na serikali nyuma yake. Ni kweli walikuwepo. Lakini kazi yao ilibadilika kabisa. 1984 walitumwa kuadhibu ukoo mzima na matokeo yake ni kwamba kila ukoo ukaona lazima ujilinde wenyewe kwa silaha. Kwenye timu, askari alikuwa shahidi na mlinzi wa makubaliano ya watu wengine, na jambazi aliyekanwa na ukoo wake angeweza kukamatwa bila ukoo kuamka. Kukataa nguvu siyo kukataa kuwepo kwa sheria. Tofauti hii ikichanganywa watu hudhani ni lazima uchague kati ya operesheni na maombi.

Kilichoshindwa na kilichobaki na kasoro

Oktoba 1998, mahali paitwapo Bagalla, watu zaidi ya 100 waliuawa kwa shambulio la wenye silaha kutoka nje ya mzunguko wa makubaliano, katika ugomvi uliohusisha jamii za pande za mpaka wa Ethiopia. Kamati ilikuwa ipo, azimio lilikuwa lipo. Makubaliano ya koo za Wajir yaliwafunga waliokubaliana tu, na mfumo uliosimama juu ya kujuana na kulipana hauna mkono kwa mtu ambaye hajuani nawe na hana mpango wa kukulipa. Hapo ndo mahali pa jukumu la serikali mbili kulinda mpaka, na halikutekelezwa. Kamati ya wazee na kina mama haiwezi kulaumiwa kwa kukosa jeshi, ila sisi tunaofundisha kisa hiki tukiificha Bagalla tunawadanganya watu.

Kasoro ya pili ni bei ya damu ya mwanamke. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya kadhaa za kaskazini walikutana Modogashe wakatoa azimio, mwanamume akiuawa fidia ni ngamia ama ng'ombe 100, mwanamke 50. Kazi yote ilianzishwa na wanawake, na kwenye karatasi maisha yao yakaandikwa nusu. Najua maelezo ya mila na ya dini yanayotolewa, nimeyasikia, na bado naona ni dhuluma. Hii ndo ile hoja niliyosema nitairudia: wanawake walikubali kukaa nyuma ya wazee ili mazungumzo yaanze, sawa, lakini hawakuweka siku ya kutoka nyuma. Miaka ikapita kamati zikiwa na kina mama kama wanachama na wanaume kama waamuzi. Anayeiga mfano huu leo aliingize jambo hilo kwenye makubaliano ya mwanzo kabisa, nani atakuwa mezani baada ya mwaka mmoja na nani atapiga kura.

Kasoro ya tatu iko kwenye sheria. Mauaji ni kosa la jinai dhidi ya dola, ngamia hawalifuti. Kwa miaka mingi maafisa waliachia tu sababu mbadala ulikuwa vita. Katiba ya 2010, ibara ya 159, imezitambua njia za jadi za kupatanisha na wakati huohuo ikaziwekea mipaka, zisivunje haki za binadamu. 2013 Mahakama Kuu Nairobi iliruhusu kesi moja ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kuelewana kwa fidia, na mawakili waligawanyika vibaya. Mimi msimamo wangu, wakati koo ziko vitani dia inaokoa watu, ichukuliwe. Wakati wa amani, tajiri aliyeua asiitumie kununua kesi. Yatima wa maskini hana mzee wa kumsemea kwenye kikao cha ngamia.

Na pesa. Mwanzoni watu walijigharamia, mwanamke anatoa kwenye mshahara wake mafuta ya gari. Mfano ulipopata jina, wafadhili wakaja na posho za vikao, na sehemu nyingi kiti cha kamati ya amani kikawa kitu cha kugombaniwa, ukoo unataka mjumbe wake si kwa ajili ya amani bali kwa ajili ya ile bahasha. Mafuta ya gari la dharura wafadhili walipe, simu pia, na matibabu ya anayejeruhiwa akiwa kazini. Kukaa kwenye kiti kusilipwe.

Siasa ndo jambo ambalo kisa cha 1993 hakikulimaliza kabisa. Lokesheni mpya ziliendelea kukatwa kwa hesabu za koo hata baada ya amani kurudi. Halafu 2013 kaunti zikaja, na kiti cha gavana ni kikubwa kuliko kiti chochote kilichowahi kuwaniwa huko, kina bajeti ndani yake, ajira, zabuni, visima. Kaunti za kaskazini mashariki zimejibu kwa kile kinachoitwa demokrasia ya maelewano, wazee wa koo wanakaa kabla ya uchaguzi na kugawana viti, huyu gavana, yule seneta, mwingine mbunge, ili kura isilete damu. Kwa macho ya 1993 ni ushindi, kiti kilichowasha moto wakati ule sasa kinazungumzwa chini ya mti kabla ya mtu kukasirika. Lakini vikao hivyo vya kugawana ni vya wanaume, koo ndogo zinaambiwa zingoje zamu, zile ndogo ambazo mzee wao ndo alifungua mazungumzo ya kwanza, na kijana aliyesoma mwenye kura yake mkononi anaambiwa ampigie nani. Nikikaa na kamati yoyote kupitia kisa hiki, hapo ndo tunakwama muda mrefu zaidi, wazee wanasema mnataka turudi kwenye bunduki, vijana wanajibu kwamba wao hawakuulizwa chochote, na kina mama wanataka kujua ni nani ataitisha mkutano wa sokoni wa safari hii.